Tumewapeleka mafunzo, vyeti vipo, mbona kazi ni ile ile?

"Ninasimamia kitengo cha ufundi chenye watu 14 katika kampuni ya programu hapa Nairobi, kampuni nzima ina wafanyakazi 34. Tunatengeneza mfumo wa ankara na malipo kwa shule na maduka. Mwaka jana tulitumia Sh1,200,000 kwa mafunzo: siku tano za Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) na huduma za wingu kwa watu wanane, na akaunti za kozi za mtandaoni kwa wote. Wanne wakapata vyeti. Miezi saba baadaye hitilafu ni zile zile, matoleo mapya yanachelewa vile vile, na wawili kati ya wenye vyeti wameshahama. Mkurugenzi anataka kufuta bajeti ya mafunzo. Je, mafunzo huongeza kweli ufanisi wa kampuni ya teknolojia, au ni mazoea tu? Nimwambie nini?"

Wasiwasi wako una msingi, na mkurugenzi wako ana haki ya kuuliza fedha zilikwenda wapi. Lakini hitimisho lake limekwenda mbali kuliko ushahidi. Ndiyo, mafunzo huongeza ufanisi, ila hayaongezi moja kwa moja. Darasa humwongezea mtu uwezo, basi. Uwezo huo unageuka kuwa ufanisi wa kampuni pale tu mtu anaporudi kazini na kukuta mambo manne: kazi inayouhitaji, muda wa kuufanyia kazi, ruhusa ya kuutumia, na mtu wa kumsahihisha anapokosea. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, utapata cheti ukutani na hitilafu ile ile kwenye seva. Kwa maelezo uliyotoa, darasa lilifanyika na vyeti vikapatikana. Kilichosahaulika ni wiki za baada yake.

Kabla ya kuzungumzia bajeti, naomba ufanye kazi moja ya nusu siku. Chukua hitilafu 20 za mwisho zilizowafikia wateja. Kaa na wahandisi wawili waliozishughulikia, kisha kwa kila moja ulizeni: aliyefanya badiliko hili, hata angepewa muda wote anaoutaka na asibughudhiwe na mtu, angelifanya sawa? Kama jibu ni hapana, huo ni upungufu wa ujuzi. Kama ni ndiyo, tafuteni kilichomzuia: muda ulibana, hapakuwa na mazingira ya majaribio, mahitaji ya mteja hayakueleweka, au mwenye ruhusa ya kuidhinisha alikuwa safarini. Andikeni sababu moja kuu kwa kila hitilafu, msiandike tatu. Mafunzo yanatibu kundi la kwanza tu. Ukikuta hitilafu tano kati ya 20 ndizo za ujuzi, basi hata mkufunzi bora duniani hawezi kukuondolea zaidi ya hizo tano. Zile 15 zinataka utaratibu, vifaa au mazungumzo na kitengo cha mauzo.

Kosa la kuita kila tatizo "ukosefu wa mafunzo" ni la kawaida mno katika sekta hii, kwa sababu kuagiza darasa ni rahisi kuliko kubadili utaratibu. Tazama yaliyoipata GitLab, kampuni yenye huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu (code), tarehe 31 Januari 2017, ambayo iliyaeleza hadharani yenyewe. Mhandisi alifuta kwa bahati mbaya data kwenye hifadhidata kuu ya huduma yao. Walipotafuta nakala za akiba wakakuta nakala za kila siku hazikuwa zikitoka, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo la zamani lisiloendana na hifadhidata yao ya PostgreSQL. Barua pepe za kuonya kwamba kunakili kumeshindikana nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyezipata. Data ya muda wa saa sita hivi ikapotea. Wahandisi hao walijua fika nakala za akiba ni nini na zinatengenezwaje. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kujaribu kurejesha nakala mara kwa mara ili kuona kama inafanya kazi. Ungewapeleka darasani wiki nzima, pengo lingebaki pale pale.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe, maana huko nako kuna tofauti ambayo bajeti nyingi haziioni. Mfumo wenu unapokea malipo ya simu, kwa hiyo nitumie mfano ambao huenda umo ndani ya zile hitilafu 20. Mzazi analipa Sh500. Mtandao unasita, mfumo wa malipo haupati jibu kutoka kwa seva yenu, na taarifa ile ile inatumwa tena baada ya sekunde chache. Msimbo wenu unaiona kama malipo mapya, na salio la mwanafunzi linasoma Sh1,000. Mhandisi mchanga akiambiwa arekebishe, ataandika hivi: kwanza tafuta kama namba ya muamala imo kwenye jedwali, kama haimo, iingize. Inaonekana sawa, na majaribio ya kawaida yatapita. Lakini taarifa mbili zikifika kwa kupishana milisekunde chache, zote mbili zitatafuta, zote mbili zitakuta namba haimo, na zote mbili zitaingiza. Suluhisho ni kuweka sharti la upekee kwenye safu wima ya namba ya muamala ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ingizo la pili likataliwe hata msimbo ukikosea. Seva nayo ijibu "nimepokea" mara tu taarifa inapohifadhiwa, na hesabu nzito zifanyike baadaye.

Hilo halifundishwi katika siku tano za Kubernetes. Linafundishwa kwa dakika 90 mbele ya msimbo wenu wenyewe, na zoezi ambalo kila mmoja anatuma taarifa ile ile mara 50 kwa wakati mmoja kwenye mazingira ya majaribio na kuhesabu rekodi zilizoingia. Akiona mbili badala ya moja, ameelewa na hatasahau upesi. Mafunzo yenu ya mwaka jana yalihusu mahali programu inapoendeshwa, wakati kinachowaumiza wateja huenda kimo ndani ya programu yenyewe. Mada ya kisasa ilichaguliwa kwanza, tatizo likatafutiwa nafasi baadaye.

Halafu kuna suala la kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ujuzi wa kazi una maana kuliko silabi, hivyo hudumu zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo. Siku tano mfululizo bila kuugusa ujuzi tena ni njia ya gharama kubwa ya kusahau. Saa zile zile zikigawanywa katika vikao vifupi vyenye nafasi ya siku kadhaa kati yake, na kila kikao kikianza kwa watu kujaribu kukumbuka na kutenda bila kuangalia maandishi, hubaki kichwani muda mrefu zaidi.

Kusahau si kizuizi pekee. Mwaka 1988 Timothy Baldwin na Kevin Ford walipitia tafiti za wakati wao kuhusu kuhamisha mafunzo kutoka darasani hadi kazini, na wakaziweka sababu katika makundi matatu: mwanafunzi mwenyewe, namna somo lilivyopangwa, na mazingira ya kazi. Makampuni hushughulika na mawili ya kwanza kwa sababu yananunulika. La tatu liko mikononi mwako wewe msimamizi. Jiulize: siku ya Jumatatu baada ya lile darasa, wale wanane walikuta nini mezani? Mara nyingi hukuta kazi za wiki nzima zilizorundikana, tarehe za mwisho ambazo hazikusogezwa, na mhandisi mkuu anayesema tufanye kama tulivyozoea mpaka toleo hili litoke. Kila mtu anayejaribu njia mpya huwa mzito kwa wiki chache za mwanzo. Hiyo ni kanuni, haimaanishi amefeli. Kama ratiba haikuacha nafasi ya uzito huo, atarudi kwenye njia ya zamani. Atakuwa amefanya uamuzi wa busara, kwa sababu wewe unampima kwa tarehe za mwisho.

Kuhusu kupima: Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 ngazi nne ambazo bado zinatumika. Walionaje somo, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na kampuni imepata matokeo gani. Fomu ya kuridhika inagusa ngazi ya kwanza, cheti kinagusa ya pili. Ninyi mmepima mbili za mwanzo, kisha mkurugenzi akauliza swali la ngazi ya nne. Ngazi ya tatu ndiyo inayoeleza kwa nini ya nne haikusogea, na hapo hamna kumbukumbu yoyote. Ipime kwa kitu kinachoonekana: je, katika mwezi uliopita kila aliyefunzwa amepeleka walau badiliko moja linalotumia ujuzi ule, na limepitiwa na mwenzake? Ni swali la ndiyo au hapana, na jibu liko kwenye historia ya msimbo wenu.

Kwa ngazi ya nne, chukua vipimo vinne vilivyoenezwa na DORA, utafiti kuhusu utendaji wa vikosi vya programu, ambao sasa uko chini ya Google: mnatoa matoleo mara ngapi; inachukua muda gani badiliko kutoka kuwekwa kwenye hazina ya msimbo hadi kumfikia mteja; ni sehemu gani ya mabadiliko inayoleta hitilafu; na hitilafu ikitokea, huduma inarejea baada ya muda gani. Rekodi miezi mitatu kabla ya mafunzo yoyote mapya. Bila hiyo huna cha kulinganisha. Na usivitumie kumpima mtu mmoja mmoja, maana watu wataanza kuficha hitilafu ili namba zipendeze. Kikosi chako ni kidogo, kwa hiyo tahadhari: kushuka kutoka hitilafu sita hadi tatu kwa mwezi mmoja kunaweza kuwa bahati. Linganisha robo mwaka na robo mwaka, na ikiwezekana anza na nusu ya kikosi ili nusu nyingine iwe kigezo.

Mkurugenzi atataka hesabu, mpe. Mhandisi anayeigharimu kampuni Sh200,000 kwa mwezi, kwa saa 168 za kazi, ni kama Sh1,200 kwa saa. Watu wanane kwa siku tano za saa nane ni saa 320, yaani Sh384,000 ambazo hazikuandikwa popote. Gharama halisi ya mwaka jana basi ilikaribia Sh1,584,000. Usimfiche hilo. Kisha mwonyeshe upande wa pili: tuseme mna hitilafu sita kwa mwezi, kila moja inakula watu wanne kwa saa tano. Hizo ni saa 120, Sh144,000 kila mwezi, kabla ya kuhesabu mteja aliyekasirika. Mpango wa wiki 12 kwa watu sita, saa tatu kwa wiki, ni saa 216, sawa na Sh259,200. Ongeza Sh150,000 za mkufunzi, jumla ni Sh409,200. Hitilafu zikipungua nusu, mnaokoa Sh72,000 kwa mwezi na fedha zinarudi karibu na mwezi wa sita. Badilisha namba hizi kwa zenu. Muhimu ni kwamba utakuwa unaomba fedha kwa ajili ya tatizo lenye bei.

Mpango wenyewe ningeupanga hivi. Chagua tatizo moja kutoka kwenye zile hitilafu 20, lile la ujuzi linalojirudia zaidi. Kabla ya kikao cha kwanza, kaa dakika 15 na kila mshiriki mkubaliane ni badiliko gani halisi atalipeleka ndani ya siku kumi za kazi kwa kutumia anachojifunza. Weka vikao viwili vya dakika 90 kwa wiki, kwenye kalenda, na upunguze kazi zao kwa kiasi hicho. Usiposogeza tarehe za mwisho, umewaongezea saa za usiku. Mazoezi yafanyike kwenye msimbo wenu na nakala ya data iliyoondolewa majina na namba za simu za wateja. Kuanzia wiki ya tano, kikao kimoja kati ya viwili kiwe zoezi la hitilafu: irudie hitilafu ya zamani kwenye mazingira ya majaribio, kwa mfano kata muunganisho wa hifadhidata, kisha mpe usukani mtu asiye mtaalamu wa sehemu hiyo. Mtaalamu akae kimya dakika 20. Atapata shida kunyamaza, na kikosi kitapata shida bila yeye, lakini hapo ndipo utakapojua ni maarifa gani yamo kichwani mwa mtu mmoja tu. Kila alipokwama aliyeshika usukani, ongezeni mstari kwenye mwongozo wa dharura siku hiyo hiyo. Pimeni muda wa kurejesha huduma kila zoezi.

Zoezi hilo ndilo ninaloliamini kuliko kozi yoyote. Linafundisha, linapima, na linaacha maandishi yanayobaki hata mtu akihama.

Kozi za mtandaoni zina nafasi yake: ni nafuu na zinafaa kwa mtu mwenye swali mahususi tayari. Kuwapa watu 14 akaunti bila muda wala lengo ni kununua maktaba na kuifunga. Mkufunzi wa nje anafaa pale ambapo hakuna mtu ndani mwenye ujuzi huo, mradi akubali kutumia mfumo wenu badala ya mifano yake. Vyeti vina thamani halisi mnapoomba zabuni zinazovidai au ushirika na kampuni ya wingu. Nje ya hapo, vinathibitisha mtu alijua siku ya mtihani. Na mara nyingine jibu sahihi ni kuajiri: ujuzi unaohitajika kila siku na unaochukua miaka kukomaa, kama usalama wa mifumo, hauanzishwi kwa wiki 12.

Wawili waliohama wanauma, naelewa. Mwanauchumi Gary Becker alieleza katika miaka ya 1960 tofauti kati ya ujuzi wa jumla, unaouzika kwa mwajiri yeyote, na ujuzi mahususi wa kampuni moja. Ujuzi wa jumla hupandisha bei ya mtu sokoni mara moja. Kama umempa mtu cheti cha Kubernetes na mshahara wake umebaki ulivyokuwa, na kazi haimpi nafasi ya kukitumia, umemwandalia njia ya kutoka. Kuacha kufundisha hakutibu hilo. Wanaobaki watakuwa wale wasio na pa kwenda. Panga mapema mazungumzo ya mshahara na cheo ndani ya miezi mitatu baada ya ujuzi mkubwa, na mpe kazi inayoutumia. Mkataba wa kuhudumu kwa muda fulani baada ya mafunzo unaweza kusaidia kwa kozi za gharama kubwa, kama muda ni wa haki na deni la kurudisha gharama akiondoka mapema linapungua kila mwezi anaohudumu. Lakini usikate fedha hizo kwenye mshahara wa mwisho kwa uamuzi wako: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaweka mipaka ya makato, na jumla yake kwa wakati mmoja haiwezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Wakili wa masuala ya ajira aione rasimu kabla mtu hajaisaini.

Kuna mengine pia yasiyomalizika kwa maandishi. Fika ofisi za NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, uulize kuhusu kurejeshewa gharama. Kampuni yenu ya watu 34, kwa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, inatoa Sh20,400 kwa mwaka, na marejesho hutegemea kozi iliyoidhinishwa kabla ya kufanyika, kwa hiyo kuuliza baada ya darasa ni kuchelewa. Kama zile hitilafu 20 nyingi zinatoka sehemu moja ya mfumo ambayo kila mtu anaogopa kuigusa, mlipe msanifu wa mifumo mwenye uzoefu akae nanyi siku mbili mezani. Huenda sehemu hiyo inahitaji kuandikwa upya, na hakuna somo litakalosaidia. Kama watu wako wanakesha na wanaugua mara kwa mara, simamisha mpango, punguza kazi kwanza. Na kama hata hitilafu moja ilifichua taarifa binafsi za wazazi au wanafunzi, hilo si la kusubiri kikao: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipoujua, kwa hiyo mwite mwanasheria siku hiyo hiyo.

Kwa mkurugenzi, andika ukurasa mmoja: matokeo ya zile hitilafu 20, tatizo moja ulilolichagua na bei yake, vipimo vinne vya leo, na ombi la wiki 12 tu. Mweleze pia sharti la kusimama. Ikifika wiki ya nane na chini ya nusu ya washiriki wamepeleka badiliko lao la kwanza, msiendelee na vikao vilivyobaki. Tafuteni kinachowazuia, na fedha za mkufunzi ambazo hazijatumika zirudi.